Mtoto Anayetaka Kuwa Rubani

Watu wa Bunia wameizoea sauti ya ndege. Ukungu wa asubuhi ukiisha kuondoka, ndege hushuka katika kiwanja kilicho karibu na mji, nayo huleta wasafiri, dawa na bidhaa. Watoto walio njiani husimama kuitazama mpaka magurudumu yake yaguse chini. Wengine husema, "Mimi nikikua, nitakuwa rubani."

Neno hili ni jema. Lakini yafaa mtoto ajue rubani ni mtu wa namna gani, anasoma wapi, na masomo yake yanadai nini. Maana masomo haya ni ya gharama kubwa. Jamaa inayouza ng'ombe au shamba bila kuuliza vizuri yaweza kupoteza mali yote, na mtoto asipate kazi.

1. Ndege katika nchi kubwa

Congo ni nchi kubwa sana. Kutoka Bunia mpaka Kinshasa ni kilometa 1,800 hivi kwa mstari ulionyoka, na katikati kuna msitu mkubwa na mito mingi. Mvua ikinyesha, njia za motokari hugeuka matope. Tena katika Ituri vita vimewazuia wasafiri mara nyingi wasipite kwa amani. Ndiyo sababu ndege si kitu cha matajiri tu. Wakati wa maradhi ya Ebola yaliyosumbua Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu 2018 mpaka 2020, ndege zilileta waganga, dawa na chanjo. Ndege ndogo za shirika la MAF, lililoanza kazi Congo katika miaka ya 1960, huchukua wagonjwa na waganga mpaka vijiji ambavyo motokari hazifiki upesi.

Zamani safari ya ndege ilikuwa jambo la kushangaza. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili waliruka kutoka Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, kwenda Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Waliondoka tarehe 12 Februari, wakafika tarehe 3 Aprili. Walitumia siku 51! Leo safari hiyo hufanyika kwa muda mfupi kuliko usiku mmoja. Ndege zimeendelea, lakini hewa, mvua na milima ni vilevile. Kwa hiyo rubani wa leo naye yampasa awe na akili na uangalifu.

2. Kazi ya rubani

Wengi hudhani kwamba kazi ya rubani huanza ndege inapopaa. Sivyo. Kazi huanza chini. Kwanza rubani huizunguka ndege yake na kutazama mabawa, magurudumu, mafuta na injini. Kisha husoma habari za hewa: mawingu yako wapi, upepo unatoka upande gani. Katika Ituri mawingu meusi ya ngurumo mara nyingi hupanda mchana baada ya jua kuwa kali. Mawingu hayo huweza kupita kimo cha meta 10,000. Ndege ndogo haiwezi kupita juu yake, wala haifai kupita ndani yake. Yapasa kuyazunguka, au kungoja, au kurudi.

Halafu rubani hupiga hesabu ya uzito. Mji wa Bunia uko zaidi ya meta 1,200 juu ya bahari. Mahali palipo juu, hewa ni nyepesi. Hewa ikiwa nyepesi, mabawa hayashikwi kwa nguvu nyingi na injini nayo hupungukiwa nguvu. Joto huzidisha shida hiyo. Kwa hiyo ndege moja, yenye mzigo uleule, hukimbia mbali zaidi chini kabla ya kupaa Bunia kuliko Mombasa au Dar es Salaam, miji iliyo pwani ya bahari.

Basi tuseme mfanya biashara amekuja na magunia mawili zaidi, na ndege imekwisha kujaa. Mfanya biashara anaomba, anakasirika, anatoa feza. Rubani mwema hujibu, "Hapana, baba. Magunia haya yatangoja safari nyingine." Mtu asiyeweza kusema "hapana" mbele ya tajiri, au mbele ya mkubwa wake, asichukue kazi hii. Maana akikubali, roho za wote waliomo ndegeni zimo hatarini, na yake pia.

Nchi ya Congo imeona ajali nyingi za ndege. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulitia karibu kampuni zote za ndege za Congo katika orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka Ulaya. Jambo hili halikusemwa ili watoto waogope. Limesemwa ili wajue kwamba nchi yao inahitaji marubani, mafundi na wakaguzi wanaoshika sheria hata wakati hakuna anayewatazama.

3. Vyeti vitatu

Nchi nyingi za dunia zilipatana juu ya sheria za ndege huko Chicago mwaka 1944. Kwa hiyo masharti ya marubani hufanana karibu kila mahali. Viko vyeti vitatu vikubwa.

Cha kwanza ni cheti cha rubani wa binafsi. Mwanafunzi awe na miaka 17, naye awe ameruka saa 40 au zaidi. Mwenye cheti hiki aweza kurusha ndege ndogo, lakini haruhusiwi kulipwa kwa kazi hiyo.

Cha pili ni cheti cha rubani wa biashara. Mwanafunzi awe na miaka 18, na saa 200 za kuruka. Katika shule fulani zilizothibitishwa, zenye masomo yaliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, saa 150 hutosha. Mwenye cheti hiki aweza kulipwa.

Cha tatu ni cheti cha rubani wa ndege kubwa za abiria. Huyu awe na miaka 21, na saa 1,500. Ndiye aweza kuwa mkuu wa ndege kubwa yenye marubani wawili.

Kila saa huandikwa katika daftari ya rubani. Daftari hiyo ni kama shahidi wake. Rubani anayeandika saa za uongo anajidanganya mwenyewe, maana dhoruba haisomi daftari.

Tena mwanafunzi hupimwa na mganga aliyeidhinishwa kwa kazi hii. Mganga hutazama macho, masikio, moyo na akili. Kuvaa miwani hakumzuii mtu, kama anaona vizuri akiivaa. Lakini asiyeweza kupambanua rangi aweza kuzuiwa, kwa sababu taa za kiwanja ni nyekundu, nyeupe, kijani na buluu, na kila rangi ina maana yake. Kipimo hiki hurudiwa, kwa rubani wa biashara angalau kila mwaka. Ni busara kupimwa kabla ya kulipa shule, wala si baada yake.

Iko na habari ya lugha. Katika Congo rubani huweza kusema Kifaransa na watu wa mnara wa kiwanja. Lakini akivuka mpaka kwenda Entebbe au Nairobi, atasikia Kiingereza. Tangu mwaka 2008 marubani wa safari za kwenda nchi nyingine hupimwa kama wanajua Kiingereza cha kutosha.

4. Shule ziko wapi?

Shule moja yenye historia iko Soroti, katika Uganda, kilometa 370 hivi mashariki mwa Bunia kwa mstari ulionyoka. Ilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania, nchi zilizokuwa katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977, shule ilibaki mikononi mwa Uganda.

Katika Nairobi, mji mkuu wa Kenya, shule kadhaa za marubani ziko katika kiwanja cha Wilson. Kiwanja hiki kina jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya ndege huko mwaka 1929. Na huko Addis Ababa, kampuni ya ndege ya Ethiopia ina shule yake kubwa, inayopokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Katika shule zote hizi masomo ni kwa Kiingereza.

Wasichana nao wasidhani kwamba kazi hii ni ya wavulana tu. Mwaka 2014 Bi Irene Koki Mutungi wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa ndege ya Boeing 787.

5. Namna ya kuchagua shule

Karatasi nzuri yenye picha za ndege haimfundishi mtu kuruka. Kabla ya kutoa feza, mzazi na mtoto waulize maneno haya matano.

Kwanza: Je, shule imethibitishwa na serikali ya nchi ile? Kila nchi ina ofisi inayosimamia mambo ya ndege, nayo hutoa hati kwa shule zilizokaguliwa. Mzazi aulize katika ofisi hiyo yenyewe, asitosheke na neno la shule.

Pili: Je, cheti chake kitakubaliwa Congo? Rubani aliyesoma nchi nyingine yampasa kupeleka cheti chake kwa ofisi ya ndege ya Congo, kitazamwe na kukubaliwa kabla hajafanya kazi hapa. Masharti yaulizwe mapema.

Tatu: Shule ina ndege ngapi zinazoruka? Si ngapi zilizosimama chini ya paa. Shule ikiwa na wanafunzi wengi na ndege moja nzima, kila mmoja atangoja sana, huku akilipa chumba na chakula.

Nne: Wanafunzi wa mwaka uliopita wako wapi? Yafaa kuwatafuta na kusema nao. Watasema kweli kama walimu walikuwapo, na kama walimaliza kwa wakati.

Tano: Bei ni ya nini hasa? Shule moja hutaja bei ndogo, kumbe haikuhesabu mafuta, mitihani, mavazi wala saa zinazozidi. Nyingine hutaja bei kubwa, lakini mna yote ndani yake.

Hapa hesabu ya darasani inafaa. Tuseme, kwa mfano tu, saa moja ya kuruka ina bei ya dola 200. Saa 200 ni dola 40,000. Bado chumba, chakula, vitabu na safari. Jamaa ikiwa na nusu tu ya feza hizo, mwanafunzi aweza kukwama katikati, na saa 100 hazimpi cheti cha biashara. Kwa hiyo ni vema kutolipa feza zote siku ya kwanza. Hulipwa kidogo kidogo, kila sehemu ya masomo inapotimia, na kwa hati yenye sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Baada ya cheti

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Cheti si kazi. Kijana aliyemaliza ana saa 200 tu, na kampuni nyingi hutafuta watu wenye saa nyingi zaidi. Wengine hungoja miaka. Wengine huanza kwa kufundisha katika shule ileile, au kwa kurusha ndege ndogo za mizigo, ili saa ziongezeke. Tena kila namna ya ndege kubwa ina masomo yake ya pekee. Rubani huendelea kusoma na kupimwa mpaka siku ya kuacha kazi.

Na ikiwa feza hazipatikani, au macho hayafai, mtoto asilie. Ndege moja hairushwi na mtu mmoja. Yuko fundi anayeitengeneza, yuko mtu wa mnara anayeongoza ndege zisigongane, yuko anayepima hewa, yuko anayepima mizigo. Fundi akiacha parafujo moja bila kukaza, rubani bora hawezi kuikaza angani. Kazi zote hizi ni za heshima, na masomo ya baadhi yake ni ya bei ndogo kuliko ya rubani.

7. Kazi ya leo

Mtoto wa shule ya msingi hawezi kushika usukani wa ndege leo. Lakini aweza kujifunza hesabu bila kuchoka, maana rubani huhesabu mafuta, uzito na mwendo kila siku. Aweza kusoma ramani, na kujua kaskazini iko wapi akisimama uani. Aweza kujifunza Kifaransa vizuri, na Kiingereza akipata nafasi. Aweza kutunza macho yake na kuepuka pombe na bangi. Zaidi ya yote, aweza kuzoea kusema kweli, hata ikiwa kweli hiyo inamletea aibu. Rubani aliyekosea, akakiri upesi, huwaokoa wenzake. Anayeficha kosa huliacha lingoje ndege inayofuata.

Maulizo

1. Kwa nini ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa Bunia kuliko Mombasa?
2. Rubani wa biashara yampasa awe na miaka mingapi na saa ngapi?
3. Taja maneno matano ya kuuliza kabla ya kuchagua shule.
4. Saa moja ya kuruka ikiwa ni dola 180, saa 150 ni dola ngapi?
5. Mfanya biashara ametoa feza ili magunia yake yapakiwe. Wewe ungemjibu nini? Eleza sababu.