Lau Dunia Ingekuwa na Pete



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, leo twapenda tuinue macho yetu juu. Tumehimizwa mara nyingi kuzitafakari mbingu. Lakini jambo ambalo mtu amelizoea tangu utoto wake ni zito kulitafakari. Njia moja ya kulitambua ni kuuliza: lau lingekuwa kwa namna nyingine, sisi tungeishi vipi? Basi swali letu la leo ni hili: lau Dunia yetu ingezungukwa na pete, kama inavyozungukwa sayari ya Zohali, maisha yetu yangekuwaje?

Kwanza yatupasa tujue pete hiyo ni kitu gani. Mwaka 1610 Galileo Galilei, mtaalamu wa Italia, aliielekeza darubini yake kwa Zohali akaona kama vitu viwili vimeshikamana na sayari hiyo, kimoja kila upande. Hakufahamu ni nini. Mwaka 1659 Christiaan Huygens wa Uholanzi alieleza kwamba ni pete nyembamba isiyoigusa sayari. Tena mwaka 1859 James Clerk Maxwell wa Uskoti alithibitisha kwa hesabu kwamba pete hiyo haiwezi kuwa kipande kimoja kigumu, kwani ingevunjika. Kwa hakika ni vipande visivyohesabika, kila kimoja kikienda katika njia yake. Chombo cha Cassini, kilichoizunguka Zohali tangu mwaka 2004 hadi 2017, kilizichunguza pete hizo kwa karibu. Vipande vyake vingi ni barafu ya maji. Vingine ni vidogo kama chembe ya mchanga, na vingine ni vikubwa kama nyumba. Pete zenyewe zimeenea makumi ya maelfu ya kilomita, ilhali unene wake katika sehemu nyingi ni kama mita 10 tu.

Je, Dunia yaweza kuwa na kitu kama hicho? Naam, yawezekana. Jiwe kubwa la angani likiikaribia mno Dunia, nguvu za uvutano hulipasua, na vipande vyake vikaenea kuizunguka juu ya ikweta. Mwaka 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walitoa rai kwamba jambo hilo huenda lilikwisha kutokea miaka milioni 466 iliyopita. Walitazama mashimo 21 yaliyochimbwa na vimondo katika zama hizo, wakaona kwamba yote yalikuwa karibu na ikweta ya wakati ule, kana kwamba mawe yaliyoyachimba yaliporomoka kutoka katika pete iliyokuwa juu yake. Rai hiyo ingali yajadiliwa. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba swali letu si ndoto ya mchana.

Pete ya Dunia isingekuwa ya barafu, kwani joto la jua lingeiyeyusha. Ingekuwa ya mawe na vumbi. Na tuseme, kwa ajili ya hesabu yetu, kwamba ingeanzia kilomita 10,000 kutoka kitovu cha Dunia na kuishia kilomita 18,000. Je, nani angeiona, na kwa sura gani?

Mtu aliyeko Nanyuki, Entebe au Mbandaka, pale ikweta inapopita, angeuona uzi mwembamba tu, umekatiza utosini kutoka mashariki hadi magharibi. Mtu wa Unguja angeona utepe upande wa kaskazini, juu sana, wenye upana wa miezi mipevu 14 iliyopangwa pamoja. Mtu wa Maskat angeuona upande wa kusini, kama tao kubwa, upana wake kama miezi 40. Bali wale wakaao karibu na ncha za Dunia wasingeona kitu, kwa sababu pete yote ingekuwa chini ya upeo wa macho yao.

Uzuri wake hauna shaka. Usiku, kivuli cha Dunia kingeikata pete kwa pengo jeusi, na pengo hilo lingetembea kutoka mashariki hadi magharibi, likifika katikati saa sita za usiku. Wavuvi na wasafiri wangelitumia kama saa.

Lakini ndugu zetu, kila pambo lina kivuli chake, na hapa ndipo penye mazingatio. Jua halikai juu ya ikweta mwaka mzima. Tangu Machi hadi Septemba huelekea kaskazini, na tangu Septemba hadi Machi huelekea kusini. Jua likiwa kaskazini, huangaza uso wa kaskazini wa pete, na kivuli cha pete huanguka kusini. Likiwa kusini, mambo hugeuka. Maana yake ni kwamba nchi iliyo katika majira yake ya jua kali, yenye mchana mrefu, ingeongezewa nuru ya pete usiku. Na nchi iliyo katika majira yake ya baridi, yenye mchana mfupi, ingepunguziwa hata lile jua dogo lililobaki. Mwenye tele angezidishiwa, na mwenye upungufu angepokonywa.

Tuipime hesabu hiyo kwa miji yetu. Maskat ingekuwa chini ya kivuli cha pete saa za adhuhuri tangu mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari, karibu miezi minne. Unguja ingepitiwa na kivuli mara mbili: mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba, na mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili. Nani asiyejua kwamba hiyo ya pili ni siku za masika, ambapo mkulima ameutia mpunga wake ardhini? Tena pepo za kaskazi na kusi, zilizowaleta na kuwarudisha mababu zetu katika majahazi, husukumwa na tofauti ya joto baina ya bara na bahari. Jua likizibwa huku na kuachwa kule, pepo hizo nazo zisingebaki kama tunavyozijua.

Ibada zetu pia zingeguswa. Wakati wa Isha twautambua kwa kutoweka shafaki, na Alfajiri kwa weupe unaotanda katika upeo wa mashariki. Mafakihi wametufundisha tangu zamani kutofautisha alfajiri ya kweli na alfajiri ya uongo, ule weupe uliosimama kama mnara kabla ya wakati. Elimu ya leo yatueleza kwamba weupe huo ni mwanga wa jua unaorudishwa na vumbi jembamba lililoenea baina ya sayari. Ikiwa vumbi lililo mbali hivyo laweza kumkanganya muadhini, je, pete nzima juu ya paa zetu ingefanyaje? Na mwezi mwandamo, ule uzi mwembamba tunaoutafuta magharibi baada ya jua kuchwa, mara ngapi ungepotea katika mng'aro wa mguu wa pete?

Basi tunapotoka nje usiku na kuona mbingu nyeusi, nyota zimetapakaa, tusiseme kwamba hapana kitu. Weusi ule ni neema. Ndio unaotuonyesha hilali, ndio uliowaongoza manahodha, na ndio unaomwezesha kasa mchanga, atokapo katika yai lake ufukweni, kuufuata mwanga wa bahari bila kupotea.

Na hapa yatupasa tujihesabu. Dunia haikupewa pete, lakini wanadamu wameanza kuitengeneza. Tangu Sputnik iliporushwa mwaka 1957, tumejaza vyombo juu yetu. Kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta imekwisha kuwako pete ya setilaiti, na hiyo inatufaa, kwani matangazo mengi ya redio na televisheni hupitia huko. Karibu zaidi na Dunia, setilaiti zinazofanya kazi zilikuwa zimepita 10,000 ilipofika mwaka 2025, na pamoja nazo kuna mabaki. Shirika la Anga la Ulaya lakadiria kwamba vipande vinavyozidi sentimita moja ni zaidi ya milioni moja. Mwaka 1978 Donald Kessler na mwenzake Burton Cour-Palais walionya kwamba vipande hivyo vikigongana huzaa vipande vingine, navyo vikagonga vingine, hata ikafanyika pete ya takataka.

Mtu asidhani kwamba hayo ni ya mbali. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka kutoka angani. Wataalamu wa anga wa Kenya walieleza, katika uchunguzi wao wa awali, kwamba ilikuwa sehemu ya chombo cha kurushia setilaiti. Watu wa Mukuku hawakurusha roketi. Lakini pete iliwaangukia wao. Hivyo ndivyo kivuli kinavyokwenda: pambo ni la wachache, na kivuli chake huwafika wasiokuwamo.

Ndugu zetu, sisi hatuna roketi, lakini tuna vijana. Yatupasa tuwasomeshe hesabu na elimu ya nyota, kama walivyosoma wazee wetu waliopima nyakati na kibla, ili siku mataifa yanapokaa kuamua nani arushe nini na nani alipe kinachoanguka, nasi tuwe na msemaji anayejua asemalo. Na taa za nyumba zetu na misikiti yetu tuzielekeze chini, panapohitaji mwanga, tusiuzibe usiku kwa mikono yetu. Mbingu tulizorithi hazikuwa na pete. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwarithisha watoto wetu mbingu hizo zikiwa safi. Amin.