Kusimama na Kuketi: Siku ya Mashujaa katika Familia za Askari wa Tanzania

Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa, ambayo ni siku ya kuwakumbuka waliopoteza maisha wakiitetea nchi. Katika viwanja vya mnara wa kumbukumbu Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mishale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Inastahili kuzingatiwa kwamba Jeshi la Wananchi, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 na lenye vifaru na mizinga, huwaomboleza wafu wake kwa silaha za mababu. Kwa njia hiyo askari aliyeanguka juzi huwekwa safu moja na wapiganaji wa Majimaji wa miaka ya 1905 hadi 1907. Kisha tarumbeta hulia, na umati wote husimama kimya.

Taifa, basi, huomboleza limesimama, ilhali nyumbani maombolezo huketiwa. Watu husema “kukaa matanga”, na matanga ni zile siku ambazo jamaa na majirani hukusanyika kwa wafiwa, wakala na kulala hapo, wanawake wakiwa wameketi chini juu ya mikeka, mpaka tanga lianuliwe, yaani mpaka maombolezo yafungwe kwa dua au sala na watu watawanyike. Familia ya askari huishi na desturi hizo mbili kwa pamoja, na haitoshi kuichunguza ya uwanjani peke yake kwa kuwa tu ndiyo inayoonekana.

Ndani ya familia hizo neno “uzalendo” husikika mara chache kuliko mtu wa nje anavyodhani. Mtoto wa kota, yaani nyumba za askari zilizo kambini, akiulizwa alipo baba yake hujibu kwamba yuko kazini, na jibu hilo hutosha hata kama kazi yenyewe iko nje ya mipaka ya nchi. Uzito wa kazi hiyo huonekana zaidi katika kuagana. Anayesafiri huomba radhi kwa wazazi, maana yake husameheana nao kwa lolote lililopita ili asiondoke na kinyongo cha mzazi. Humweleza mkewe madeni anayodai na anayodaiwa. Kisha husomewa dua au huombewa sala, kila nyumba kwa imani yake. Mama hujizuia asilie mbele yake, kwa kuwa machozi ya kuagana huhofiwa kuwa nuksi, naye huyaacha mpaka mlango ufungwe. Kujizuia huko nako ni sehemu ya kujitoa kwa ajili ya nchi, ingawa hakutajwi katika risala yoyote.

Jambo lililoziumiza familia nyingi kwa muda mrefu ni kaburi. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalipoivamia Kagera mwaka 1978, Tanzania iliingia vitani, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Askari wengi waliokufa katika vita hivyo walizikwa Kaboya, wilayani Muleba. Kwa jamii nyingi za Tanzania marehemu hurudishwa kwao, akazikwa karibu na wazee wake, mahali ambapo ndugu wataweza kupalilia na kusoma dua. Mama wa Lindi au Songea ambaye mwanawe amelala Kaboya alikaa matanga pasipo jeneza uani, na mara nyingi kilichorudi ni nguo chache na picha, ambazo huhifadhiwa katika sanduku la bati uvunguni, zikatolewa kuanikwa juani ili zisiliwe na mende, zikakunjwa upya na kurudishwa. Palipokosekana kaburi, palibaki jina: mjukuu aliyezaliwa baadaye hupewa jina la aliyekufa, na bibi yake humwita kwa heshima ile ile aliyompa marehemu.

Hali hiyo imebadilika. Walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania waliouawa Semuliki, Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, waliletwa nyumbani katika majeneza yaliyofunikwa bendera, na hivyo ndugu waliweza kuwazika. Faraja ya kuwa na mahali pa kupalilia ni kubwa mno kwa mfiwa, na hakuna heshima ya gwaride inayoweza kuchukua nafasi yake.

Hata hivyo mwana aliyezikwa karibu huliliwa upya kila Julai. Mjane aliyesikiliza tarumbeta, iwe uwanjani au redioni, huvua viatu mlangoni, akatandika mkeka, na majirani ambao hawakualikwa na mtu huingia mmoja mmoja wakisema “pole, mama”, wakaketi pamoja naye mpaka jioni.