Ndogo Kuliko Zote, Mbali Kuliko Zote, Hatari Kuliko Zote

Aprili 1988, katika jimbo la Arizona, Marekani, Robert Starr aliruka na ndege aliyoibuni na kuiunda mwenyewe. Aliiita Bumble Bee II. Mabawa yake, ncha hadi ncha, yalikuwa mita 1.68, pua hadi mkia, mita 2.69. Ikiwa tupu ilikuwa na kilo 180 hivi, na ndani mlikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, tena awe amekubali kujikunja. Haikuwahi kuonekana ndege ndogo kuliko hiyo ikiruka na rubani. Tarehe 5 Mei mwaka huohuo injini yake ilizimika angani, futi 400 hivi kutoka ardhini. Mabawa mafupi kiasi hicho hayamwachi rubani kuelea akitafuta pa kutua. Starr aliumia vibaya, akapona. Rekodi ilibaki, ndege haikubaki.

Kilichomsukuma hakikuwa safari wala biashara. Miaka ya 1950 Starr aliwahi kurusha Sky Baby, ndege ya Ray Stits iliyoshika taji la udogo wakati huo, na kuanzia hapo mashindano ya nani ataunda kidogo zaidi hayakuisha kati ya Starr na ukoo wa Stits. Kwa jicho la fundi, naona ni upuuzi uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Ila ndivyo ulivyo ulimwengu wa ndege za kujiundia: rekodi na ajali hukaa nyumba moja, na mara nyingine, kama kwa Starr, chanzo chake ni kilekile.

Sheria ya Marekani inaruhusu raia kuunda ndege yake gereji, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wasio wa kiwanda, kwa kujifunza au kujifurahisha. Wengi hununua seti ya vipande vilivyokatwa tayari, kisha hukaa miaka wakipiga ribiti. Ndege ikikamilika hukaguliwa, hupewa cheti cha majaribio, na hubandikwa maandishi ya kumwonya kila anayeipanda kwamba haikupimwa kwa viwango vya ndege za kiwandani. Chama chao kikuu, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny mwaka 1953 huko Wisconsin. Kila Julai wanachama hukusanyika Oshkosh, na kwa wiki hiyo moja mnara wa uwanja wa mji huo mdogo huongoza ndege nyingi kuliko mnara wowote duniani.

Ndogo kuliko zote yenye injini mbili ni ya Mfaransa, Michel Colomban. Cri-Cri yake iliruka mara ya kwanza Julai 1973. Ina kilo 78 tu ikiwa tupu, na injini zake mbili zinafungwa puani juu ya vyuma viwili vilivyochomoza kama pembe za konokono. Inachekesha kuiangalia, lakini Colomban alipiga hesabu zake vizuri.

Kwa umbali, hakuna anayeikaribia Voyager. Burt Rutan aliichora, kaka yake Dick na Jeana Yeager wakaisimamia, na mikono mingi ya kujitolea ikaiunda Mojave, California, kwa fedha za michango. Ikiwa tupu, pamoja na injini zake mbili, ilikuwa na tani moja na ushei. Mafuta iliyobeba siku ya kuondoka yalizidi tani tatu, kwa hiyo ni sawa kusema kwamba ilikuwa tangi lenye mabawa. Asubuhi ya 14 Desemba 1986, kwenye uwanja wa jeshi wa Edwards, mabawa yaliyojaa mafuta yalilemewa hadi ncha zikaburuzika kwenye lami. Ncha hizo ziliharibika, na vibawa vidogo vilivyosimama juu yake vikang'oka muda mfupi baada ya kupaa. Safari ikaendelea.

Walizunguka dunia bila kutua na bila kuongezewa mafuta: siku 9, dakika 3 na sekunde 44, kilomita 40,212. Waliikatiza Afrika kwenye ukanda wa ikweta wakipenya kati ya mawingu ya radi, mmoja akiendesha, mwingine akijaribu kulala kando yake katika kibanda chembamba. Usiku wa mwisho, karibu na pwani ya Mexico, pampu ya mafuta ilileta matatizo na injini ya nyuma, ndiyo pekee iliyokuwa ikifanya kazi, ikazimika. Ndege iliteremka maelfu ya futi kabla hawajafanikiwa kuiwasha ile ya mbele. Walipotua Edwards tarehe 23 Desemba, mafuta yaliyobaki yalikuwa kilo 48 hivi. Leo Voyager imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Ninachokumbuka zaidi katika habari hiyo ni kwamba hitilafu zilizowapata zilikuwa kwenye ndege waliyoifahamu hadi nyuzi zake. Pampu ipi, bomba lipi, tangi lipi limebakiwa na nini: hawakuwa na haja ya kumuuliza mtu.

Anayestahili taji la ukaidi ni Jon Johanson wa Australia, muuguzi kwa taaluma. Aliunda RV-4, ndege ya viti viwili vinavyofuatana, akaizunguka dunia nayo zaidi ya mara moja. Desemba 2003 alipaa kutoka New Zealand, peke yake, akapita juu ya Ncha ya Kusini akinuia kufika Argentina. Upepo wa mbele ulimlia mafuta. Aligeuza, akatua kituo cha Marekani cha McMurdo, Antaktika, baada ya saa 26 hivi angani. Alipewa pa kulala lakini hakuuziwa mafuta: Wamarekani na majirani zao wa New Zealand walisema hawataki kuwatia moyo watalii wa anga wanaokwenda kule bila maandalizi ya uokoaji. Kwa siku kadhaa mwenye ndege nzima, isiyo na kasoro, alikaa barafuni akingoja petroli. Aliyemwokoa ni Mwingereza Polly Vacher, rubani mwenzake aliyekuwa ameweka akiba ya mafuta kule kwa safari yake mwenyewe na akalazimika kuikatisha. Wakuu wa vituo walikuwa na hoja. Mtu akipotea kule, wa kumtafuta ni wao. Hata hivyo kuruka saa 26 na injini moja uliyoifunga kwa mikono yako, juu ya maji na barafu, si jambo la kupuuzwa.

Juu kuliko zote? Bruce Bohannon wa Texas, 2003, futi 47,000 na kidogo, kwa ndege ya injini ya pistoni iliyotokana na RV hizohizo. Huko ni juu ya njia za ndege kubwa za abiria. Kwa mbio, Nemesis NXT ya Jon Sharp ilipita maili 400 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 640, kwenye mashindano ya Reno. Tusikawie hapo.

Iliyoundwa kwa wingi kuliko zote ni familia hiyo ya RV, kazi ya Richard VanGrunsven wa Oregon. Zaidi ya 11,000 zimeshakamilika na kuruka. Hakuna muundo mwingine wa ndege za kujiundia unaofika hapo. Wingi huo nao ni kinga ya aina yake: kosa alilolifanya mmoja linawafikia wenzake kabla hawajalirudia.

Vijana kuliko wote waliotupitia huku kwetu walikuwa Waafrika Kusini. Mwaka 2019 kundi la wanafunzi 20 liliunganisha Sling 4, ndege ya viti vinne kutoka seti ya kiwanda cha kwao, na msichana wa miaka 17 akawa miongoni mwa marubani wa kuitoa Cape Town hadi Cairo, kilomita 12,000 hivi. Walitua Namibia, Malawi, Ethiopia, Zanzibar na Uganda, na wiki tatu baadaye wakafika Misri. Inafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema ndege ni kazi ya mataifa makubwa.

Sasa upande wa pili wa orodha.

Ndege iliyopendwa zaidi kisha ikapigwa marufuku ni "kiroboto wa angani" wa Mfaransa Henri Mignet, HM.14, iliyoruka mwaka 1933. Mignet hakupenda ndege za kawaida, alidai zina usukani mwingi mno. Akaondoa kanyagio za miguuni na vibawa vya pembeni, akaweka mabawa mawili, moja mbele juu, jingine nyuma chini kidogo, na rubani akawa analiinua na kulishusha bawa zima la mbele kwa fimbo moja. Kitabu chake cha maelekezo kilisomwa Ufaransa na Uingereza kama kitabu cha mapishi, na mafundi wa mbao wakaanza kuunda sebuleni. Vifo navyo vikaanza, tena vya namna moja: ndege inainamisha pua, haiinuki tena.

Wahandisi waliiweka yote nzima ndani ya mtambo wa upepo wa Farnborough, Uingereza, wakagundua kwa nini. Mabawa yalikaribiana mno. Pua ikishuka kupita kiasi fulani, hewa iliyobanwa kwenye mwanya kati yake iliongeza nguvu ya kuinua kwenye bawa la nyuma, mkia ukapanda, pua ikazidi kushuka. Rubani kwa silika huvuta fimbo ili ainue pua. Kwa ndege hii, kuvuta fimbo kuliushusha ukingo wa nyuma wa bawa la mbele, kukaubana mwanya zaidi, na mambo yakazidi kuharibika. Yaani kitendo kilekile ambacho kingemwokoa rubani katika ndege nyingine yoyote, hapa ndicho kilichommaliza. Mwaka 1936 vibali vilisimamishwa. Mignet alirekebisha miundo yake iliyofuata, na wapo wanaoiunda mpaka leo.

Uchunguzi mkubwa zaidi wa usalama wa ndege hizi ulitolewa na bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, mwaka 2012. Ndege za kujiundia zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo zisizo za mashirika wala jeshi, lakini mwaka 2011 zilichangia asilimia 15 hivi ya ajali zote na asilimia 21 ya ajali za vifo. Ajali 224 kwa mwaka huo mmoja, 54 kati yake zikiua. Kwa kila saa ya kuruka, kiwango cha ajali kilikuwa mara mbili ya ndege nyingine ndogo, na cha ajali za vifo kati ya mara tatu na nusu na mara nne. Chanzo kilichoongoza ni injini kushindwa. Kilichoongoza kwa kuua ni rubani kupoteza udhibiti angani.

Lakini takwimu iliyonishtua haikuwa hizo. Zaidi ya nusu ya ajali za mwaka huo zilihusu ndege zilizonunuliwa mtumba. Na kwa wote wawili, aliyeunda na aliyenunua, safari ya kwanza kabisa na saa chache zinazofuata ndizo zilizokuwa za hatari. Mnunuzi anajiona amepata ndege iliyokwisha kupimwa. Kumbe kwake ni ndege mpya, yenye tabia zilizojulikana na mtu mmoja tu ambaye hayumo ndani.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa mwanamuziki John Denver. Oktoba 1997, akiwa na miaka 53, alikuwa ametoka kununua Long-EZ, ndege nyingine ya Burt Rutan, iliyoundwa na mtu mwingine. Michoro ya Rutan inaiweka koki ya kubadili matangi mbele ya rubani, kati ya miguu. Muundaji hakutaka mabomba ya petroli yapite karibu na rubani, wazo linaloeleweka kabisa, akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Kuifikia ilibidi rubani aachie fimbo na kugeuza kiwiliwili chote. Haikuwa na alama, na ilikuwa ngumu hata fundi akatoa koleo ya kuizungushia. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma. Jumapili ya tarehe 12, uwanja wa Monterey, Denver aliambiwa mafuta ni machache, akasema ataruka kwa saa moja tu. Alifanya miguso mitatu ya kutua na kupaa, kisha akaelekea baharini. Mashuhuda walisikia mngurumo ukififia, ndege ikaanguka majini karibu na Pacific Grove. Wachunguzi walipokaa kwenye kiti kama kile wakageuka kuitafuta koki, waliona mguu wa kulia ukisukuma kanyagio bila kukusudia. Ripoti ilimtaja rubani kwa kutojiandaa, ikaitaja pia koki.

Ndege za Lancair, za kasi sana na mabawa madogo, nazo zilifanya mamlaka ya anga, FAA, iwatahadharishe wamiliki mwaka 2010: wajifunze upya jinsi bawa lile linavyopoteza nguvu zake ghafla mwendo ukipungua karibu na ardhi.

Kuna kanuni moja iliyodumu kwa miongo mingi kwa nia njema. Katika kipindi cha majaribio, saa 25 au 40 kutegemea injini na propela, hakuna abiria aliyeruhusiwa. Ili asife wa pili. Matokeo yake ni kwamba fundi aliyekaa miaka gereji bila kuruka, ustadi wake wa urubani umeshika kutu, alipaa peke yake katika saa ambayo takwimu zinaonyesha ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka 2014 FAA ililegeza, ikaruhusu rubani wa pili mwenye sifa akae naye tangu safari ya kwanza, kwa aina zilizokubaliwa. Uingereza ilichagua kuanza mapema zaidi: wakaguzi wa chama chao, LAA, humtembelea muundaji gereji wakati kazi ikiendelea, hatua kwa hatua, kabla sehemu ya ndani haijafunikwa na kuwa haionekani tena.