Moyo wa jiwe au wa kioo? Angalia kabla ya kununua

KABAMBARE – Huko Namoya, kusini mwa Maniema, watu hutafuta dhahabu ndani ya mwamba mweupe. Hupondwa, dhahabu ikatolewa, kinachobaki kikatupwa. Lakini mwamba huo ni kwatsi, madini yale yale yanayochongwa umbo la moyo na kuuzwa kama kidani au pambo la mezani.

Mteja wa Kasongo au Kabambare anayeletewa moyo wa namna hiyo aanze kwa kuuangalia kwenye mwanga. Viputo vidogo vya mviringo ndani yake ni dalili ya kioo. Kwatsi hukwaruza chupa. Kioo cha kawaida hakifanyi hivyo kirahisi. Malakiti, jiwe la kijani lenye mistari kutoka Katanga, usiijaribu hivyo: ni laini, itachubuka yenyewe.

Kwa mkufu, tazama tundu. Likiwa karibu mno na ukingo, moyo utapasuka siku ukianguka. Hereni ziwe ndogo, masikio yasivutwe. Moyo mkubwa hupendeza juu ya mbao nyeusi. Kitenge chenye maua mengi huumeza. Wa kwatsi ya waridi usiuache dirishani, jua huupausha. Malakiti ifutwe kwa kitambaa tu, maana ndimu na siki huiharibu.

Anayetaka kuchonga mwenyewe mawe ya Namoya, ayakate yakiwa yamelowa maji. Vumbi kavu la kwatsi huharibu mapafu, na mapafu hayo hayaponi. Mawe yaliyopitishwa kwenye zebaki yaachwe hukohuko.