Kisoda cha Babu

Nilipanda Ufipa na koti la kuazima. Msomaji wangu, Sumbawanga usiende na fulana: mji uko juu, mita 1,800 hivi, na Mei baridi yake haina utani. (Mambo ya uchawi msiniulize. Wenyewe wanasema jina la mji maana yake ni kutupa uchawi.)

Kilichonipeleka ni risasi. Nilikuwa nimeangalia video za Wamarekani wanaojijazia risasi gereji, kama mama anavyokaanga maandazi. Nikasema hii kazi namjua fundi wake, babu yangu.

"Mke wangu, umekuja kunizika?" Ndivyo alivyonipokea.

Babu alikuwa na gobore, mtutu wake bomba la usukani wa gari. Mwaka 2023, serikali ilipotoa miezi miwili ya kusalimisha silaha bila kushtakiwa, alilipeleka polisi pamoja na baruti na goroli zake. Kilichobaki ni kisanduku cha vifaa.

Nikamwekea video. Mashine ya mkono imefungwa kwa bolti kwenye meza isiyotikisika. Anayeanza hushauriwa achukue ya ganda moja moja, asikimbilie ile ya kujaza mengi kwa mpigo. Kila aina ya risasi na kalibu zake. Fataki mbali, baruti mbali, sigara hakuna, kitabu cha vipimo mezani. Babu anatikisa kichwa tu, kayaona hayo. Ikaja mizani.

"Hiyo inapima nini?"

"Baruti, babu. Mpaka miligramu 6 na ushei."

Akakaa kimya. Halafu akaingiza mkono kisandukuni akatoa kisoda cha bia, kimekula kutu. Ndicho kilikuwa kipimo chake miaka yote. Baruti ya kununua kwa watu, leo kali, kesho imeingia unyevu, kisoda kilekile. Siku moja mtutu ukapasuka, vidole viwili vya kushoto vikaenda. We acha tu! Mimi tangu mtoto naambiwa ni panga. Hospitali waliambiwa hivyo hivyo.

Na hawa ndio watu ambao mababu zao waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, hewa ikijivuta yenyewe bila mivukuto. Ufundi upo. Mizani ndiyo haikuwepo.

Wewe unayetaka kuagiza mashine, tulia. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuruhusu utengeneze risasi nyumbani bila leseni. Gereji ya Marekani ni ya Marekani.

Tatizo nguruwe pori hawajaisoma. Usiku ule babu alinipandisha kwenye dungu, shamba la mahindi chini yetu, akanipa debe na fimbo. Saa nane wakaja. Tukapiga debe mpaka mikono ikafa ganzi, wakaondoka. Saa kumi wamerudi, na safari hii wanatafuna tu, debe kama muziki wao.

Babu akanisogelea gizani.

"Mke wangu, ile mizani bei gani?"

Nikajifanya sijasikia, nikaendelea kupiga debe.