Kuchunguza Udongo Palipozikwa Matangi ya Mafuta

Petroli inayovuja kutoka kwenye tangi lililozikwa ardhini hushuka kupitia nafasi zilizo kati ya chembe za udongo, hutambaa pembeni inapokuta tabaka la udongo wa mfinyanzi, na ikiwa ni nyingi hufikia maji ya ardhini, ambako huelea kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Maji hayo yanapopanda na kushuka kwa majira, petroli hupanda na kushuka nayo, hata ukanda mzima wa udongo ukapakwa mafuta. Ndiyo maana kung'oa tangi la zamani hakutoshi, wala shimo linaloonekana safi kwa macho halithibitishi lolote.

Nchini Marekani, ambako matangi mengi ya chuma yalizikwa bila kinga dhidi ya kutu, Bunge lilitunga masharti ya kuyadhibiti mwaka 1984, na tangu hapo uvujaji zaidi ya 500,000 umethibitishwa. Mara nyingi mafuta hupenya kwenye maungio ya mabomba, si kwenye tangi lenyewe. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa chini ya ncha zote mbili za tangi, kando ya mabomba na chini ya pampu, katika udongo wa asili ulio chini ya mchanga wa kujazia.

Hatua inayoharibika kwa urahisi kuliko zote ni uchukuaji wenyewe wa sampuli. Benzini, kiambata cha petroli kinachosababisha saratani ya damu, huyeyuka hewani upesi, hivyo udongo ukichotwa kwa koleo, ukavurugwa na kuachwa juani ndani ya mfuko, maabara itatoa majibu mazuri kuhusu ardhi mbaya. Mtaalamu makini hukwangua kwanza uso uliokwisha kupigwa na hewa, huchomeka bomba dogo kama la sindano, hutoa kipande cha gramu 5 hivi na kukitumbukiza papo hapo katika kichupa chenye methanoli, kimiminika kinachoizuia benzini isitoroke, kisha hukifunga na kukiweka kwenye barafu. Kifaa cha kupima mvuke humsaidia kuchagua pa kuchimba, lakini hakichukui nafasi ya maabara.

Pale mafuta yanapohofiwa kufikia maji, huchimbwa visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu na visivyokuwa katika mstari mmoja, kwani bila hivyo haiwezekani kujua maji yanaelekea wapi. Mji wa Santa Monica, California, ulilazimika mwaka 1996 kufunga visima vilivyoupatia karibu nusu ya maji yake ya kunywa, baada ya kuingiliwa na MTBE, kemikali iliyochanganywa na petroli ili iungue vizuri. Kemikali hiyo huyeyuka sana majini na haing'ang'anii udongo, hivyo husafiri mbali na tangi lililoivujisha. Uchunguzi unaoishia kwenye kingo za shimo hauwezi kuikuta.