Ugonjwa Uliomtoa Fletcher Uwanjani, na Wasee Wanaogawa Kadi ya Choo

Kama ulikuwa unafuata Man U enzi za Fergie, lazima unamkumbuka Darren Fletcher. Yule msee wa katikati, mwembamba, anakimbia dakika 90 bila kelele. Halafu 2011 akaanza kupotea. Leo yuko benchi, wiki ijayo hayuko kabisa. Mafans wakaambiwa ni virusi, wengine wakaamua ameisha. Desemba ya huo mwaka ndio klabu ikasema ukweli: jamaa ana ulcerative colitis, na anapumzika kwa muda mrefu.

Sasa hiyo ni nini? Ni mmoja wa magonjwa ya utumbo yanayoitwa IBD. Mwenzake mkubwa anaitwa Crohn's. Kinga ya mwili, ile inafaa kukupigania, inageuka na kushambulia utumbo wako mwenyewe. Colitis inakaa kwa utumbo mpana na kuujaza vidonda. Crohn's haina adabu, inaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa safari. Usichanganye na ulcers za tumbo, hiyo ni stori ingine. Huku unaendesha mara kumi au zaidi kwa siku, damu inatoka, kilo zinashuka, na uchovu wake si wa kulala uamke poa. Haiambukizwi. Dawa za kuituliza ziko, za kuimaliza kabisa bado. Na inapenda kuanza mtu akiwa kijana, umri wako hivi.

Shida ni kwamba hakuna mtu anataka kuongea kuhusu choo. Fletcher mwenyewe aliificha kwa muda, na huyo ni mtu ana madaktari wa klabu. Wewe ungewaambia mabeshte?

Hapo ndipo Crohn's & Colitis UK wanaingia. Ni shirika la hisani la Uingereza, lilianza 1979. Linachangisha doh, linalipia utafiti, linaelimisha wagonjwa, na lina laini ya simu ya kupigia ukiwa umekwama. Kulingana na hesabu yao, zaidi ya watu 500,000 Uingereza wanaishi na haya magonjwa. Hiyo ni kama kujaza Old Trafford mara sita na bado wengine wabaki nje.

Lakini kitu kilinibamba ni kadi. Wanachama wanapewa kadi inaitwa Can't Wait, yaani siwezi kungoja. Uko tao, tumbo inakuita, choo ya umma haiko karibu. Unaingia duka lolote, unaonyesha kadi, na hauhitaji kueleza matumbo yako mbele ya foleni. Sheria ya huko hailazimishi mwenye duka akubali, ni utu tu. Marekani walienda mbele kidogo: msichana wa miaka 14 mwenye Crohn's, Ally Bain, alinyimwa choo dukani akajiharibia. Mamake hakunyamaza, na 2005 jimbo la Illinois likapitisha sheria inaitwa jina lake.

Halafu kuna kasheshe ya choo ya walemavu. Unatoka ukitembea fiti, watu wanakuangalia vibaya, wengine wanakufokea. Hilo shirika likasukuma maduka kama Tesco na Asda yaweke vibao vipya mlangoni, vinasema si kila ulemavu unaonekana. Kibao tu, lakini muulize mtu ambaye amewahi kufokewa akitoka hapo.

Fletcher alipasuliwa Januari 2013, utumbo mpana ukatolewa. Man U wakaandaa hafla ya kuchangia hilo shirika. Na Desemba 2013 jamaa akaingia uwanjani tena dhidi ya Aston Villa. Baadaye akahamia West Brom na kuvaa kitambaa cha kapteni, bila utumbo mpana, manze.

Huku kwetu mtu akiendesha anaambiwa ni amoeba ama typhoid, anameza dawa, inarudi, anameza zingine. Wakati mwingine kweli ni amoeba. Lakini kama ni wiki kadhaa, kuna damu na suruali zinakuanguka, usirudi duka la dawa. Enda hosi, umwambie daktari kila kitu hadi idadi ya safari za choo, na umuulize kama unahitaji kolonoskopi. Ni kamera ndogo inaingia kwa nyuma. Ndio, inaaibisha, na unapewa dawa ya kutuliza kabla.